Vidonge vya Kugawana

Mwenye duka hakukipenda kile kiti tangu siku ya kwanza. Alisema mteja akishakaa hanunui tena, anaanza kusimulia, na walio nyuma yake wanahamia duka la jirani. Nikamjibu kwamba kusikiliza watu wakisimulia ndiko nilikosomea miaka yote ile chuoni. Aliniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi asiyemtaka, akaenda zake, na kiti kikabaki pembeni ya kaunta, nyuma ya pazia la kitenge nililolishona mwenyewe.

Duka lenyewe liko Mabatini, barabarani, kati ya fundi simu na muuza ndoo. Mimi ni mfamasia. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wengi hawaoni tofauti yangu na binti yeyote anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa. Wote tunaitwa dokta, na wote tunaombwa dawa ya kichwa, ile kali. Wengi niliosoma nao wametundika vyeti vyao kwenye kuta za maduka ya watu, wakaenda kufanya kazi nyingine, na duka linaendeshwa na yeyote aliyepatikana. Mwenye duka langu alitarajia hivyo hivyo. Alishangaa nilipofika Jumatatu asubuhi na koti jeupe, na alishangaa zaidi nilipofika tena Jumanne.

Chuoni walituambia mambo yanabadilika. Mfamasia hatakuwa tena mtu wa kuhesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha. Atapima presha, atafuatilia wagonjwa wa sukari, atamjua mtu kwa sura na kwa dawa zake, na kitu kikienda kombo yeye ndiye atakayeona kwanza, maana yeye yuko mtaani na hospitali iko mbali na ina foleni. Niliyaamini maneno hayo kuliko nilivyoamini mengi niliyohubiriwa. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri huko Kagera, akizunguka migombani kwa miguu nyumba hadi nyumba kuuliza watu wameamkaje, na labda ndiyo maana yaliniingia. Nilikuja Mwanza nikidhani nitaifanya kazi ya baba kwa njia ya vidonge.

Jambo moja hawakutuambia, nalo ni kwamba anayekuja dukani mara nyingi si mgonjwa. Anakuja jirani yake, au mpwa wake, au dereva wa bodaboda aliyepewa pakiti tupu na kuambiwa alete kama hiyo. Mgonjwa mwenyewe yuko Buzuruga kwenye biashara yake, au yuko ng'ambo ya Kigongo na hajavuka maji tangu mwaka juzi. Nikiuliza dawa ni ya nani, ana umri gani, anatumia nini kingine, yule aliyetumwa ananitazama kama nimemuuliza amelala wapi jana. Wakanibatiza jina, dada wa maswali. Sikujali. Mimi ni mwepesi wa hasira, na nilipoona mtu amechukia kuulizwa nilikuwa naongeza swali jingine.

Mama ninayetaka kumsimulia alikuwa wa kwanza kukikalia kile kiti bila kubembelezwa. Alikuwa mama wa Kisukuma, mjane, mpana wa mabega, akikaanga samaki jioni kwenye kona ya juu kidogo ya duka, na macho yake yalikuwa mekundu siku zote kwa ajili ya moshi na mafuta. Aliishi kule juu kwenye mawe pamoja na mke wa mwanaye. Mwanaye, naye alikuwa wa pekee, alifunga nondo kwenye daraja lililokuwa linajengwa Kigongo, na alionekana nyumbani mwisho wa wiki tu.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Aliitika marahaba, kisha akaniambia kwamba huku kwao asubuhi watu wanasema mwangaluka. Nikajaribu. Alicheka mpaka akashika kaunta, akasema Wahaya hata Kisukuma tunakisema kama tunahutubia mkutano. Nilimpenda pale pale. Nilimfunga mashine ya presha mkononi, nikaona namba ambazo hazikunifurahisha, nikamtuma kituo cha afya, naye akaenda kweli, akarudi na cheti cha losartani, dawa ya kushusha presha. Wengi nikiwatuma hawaendi.

Tangu hapo alikuja kila pakiti ilipoisha. Alikaa, akanyoosha mkono kabla sijamwambia, nikapima, tukaongea. Nilimweleza habari ya chumvi, akaninunia kwa sababu anayekaanga samaki huionja, lakini akaipunguza. Presha ikashuka. Nilimtaja kwa kila aliyenisikiliza, hata kwa mwenye duka, nikasema mnaona, huyu hapa, hajalazwa, hajapooza, anakaanga samaki wake. Nilijivuna naye kama mama anavyojivuna na mtoto aliyefaulu.

Kisha presha ikaanza kupanda tena. Mwanzoni kidogo, halafu sana. Nikamuuliza kama anaruka siku. Akasema anameza kila siku. Nikatazama pakiti zake, zinaisha wakati wake, si mapema wala si baadaye. Nikamuuliza usingizi, nikamuuliza chumvi, nikamuuliza dawa za kienyeji. Nikamuuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye presha. Akageuza uso kuelekea barabarani, akasema hayupo. Nikamuuliza kama ni yeye peke yake anayezitumia hizi. Akasema ni yeye, nani mwingine. Hayo ndiyo maswali yote niliyofundishwa kuuliza, na niliyauliza yote, kwa lugha nyepesi, nyuma ya pazia, bila mtu kusikia.

Basi nikampigia simu daktari wa kituo cha afya. Hakupenda kupigiwa simu na duka la dawa, na hakulificha hilo. Lakini nilikuwa na namba za miezi kadhaa, nikamsomea, nikamwambia dozi haimtoshi. Akasema basi mlete. Mama akaenda, dozi ikaongezwa mara mbili. Alipokuja na cheti kipya nilikishika kwa mikono miwili. Nilijiona mfamasia kamili siku ile, yule tuliyeambiwa habari zake chuoni. Nilienda nyumbani nikamwimbia mume wangu nyimbo za kanisani mpaka akaniuliza nimekunywa nini.

Presha ilishuka kidogo ikagoma hapo. Nikajiambia tutaipatia dawa ya pili. Halafu mama akapotea. Pakiti iliisha, hakuja. Samaki kwenye kona hawakukaangwa. Nilimuuliza fundi simu, akasema amesikia kuna msiba kule juu, hajui wa nani.

Alikuja asubuhi moja akiwa amejifunga khanga mbili, amekonda shingo. Nilimwambia pole, nimesikia mna msiba. Akakaa, akanyoosha mkono kama kawaida yake, akasema wamemzika mjukuu. Nikasema sikujua kwamba ana mjukuu. Akasema hata yeye hakuwa naye sana, alikaa hospitali siku chache tu, kisha akaondoka.

Alisimulia huku mashine ikiwa mkononi mwake. Mkwewe alikuwa na mimba. Walipompeleka hospitali wakaambiwa maji ya mtoto yamekauka tumboni, hayapo kabisa. Mtoto akatoka hai, akalia kwa sauti ndogo, uso umebanwa, na manesi wakawa wanasubiri akojoe. Wakasubiri. "Hakukojoa, dokta. Hakukojoa hata tone, mpaka amekufa."

Nakumbuka nilifungua mashine taratibu ili mikono yangu iwe na kazi. Nilikuwa nimeshajua. Nilijua kabla sijauliza, na niliuliza kwa sababu nilitumaini atanipa jibu jingine.

"Mama, mkwe alikuwa anameza dawa gani?"

"Zangu," akasema. Alitamka kwa upole, kama mtu anayeeleza alivyomtunza mgonjwa. "Si alikuwa na plesha? Miguu imemvimba, anaona nyota. Tulikuwa tunakata kati kwa kisu. Nusu yangu, nusu yake."

Dawa ile ni nzuri kwa mtu mzima. Kwa mtoto aliye tumboni inazima figo. Figo zikizimika hakojoi, na maji yanayomzunguka tumboni mengi ni mkojo wake mwenyewe, kwa hiyo yanakauka, anabanwa, na akizaliwa anazaliwa bila cha kumtolea sumu mwilini. Kila mfamasia anajua hili. Ningemwona yule binti mara moja tu, na tumbo lake, ningejua. Alikuwa anaishi mwendo mfupi juu ya duka langu na sikuwahi kumtia machoni.

Sikumwona kwa sababu alikuwa amefichwa. Wala silisemi hilo kwa kuwalaumu, maana kwetu Kagera ni hivyo hivyo. Mimi mwenyewe mimba yangu ya kwanza niliifunika kwa koti jeupe mpaka koti likakataa kufunga. Mimba haitajwi, hasa kwa aliyekwisha kupoteza, na yule binti alikuwa amepoteza mbili. Ya kwanza iliondoka na kifafa cha mimba, ya pili ilitoka mapema tu. Hii ya tatu walikubaliana wasimwambie mtu, hata ndugu. Hakutumwa sokoni. Kliniki hakupelekwa mpaka mimba ilipokuwa kubwa, kwa sababu kwenye benchi la kliniki unakaa na nusu ya Mabatini, na jicho moja baya linatosha. Duka langu ndilo alilokatazwa zaidi kulipita. Mama aliniambia mwenyewe, bila ubaya wowote, kwamba alimwelekeza njia ya nyuma. Alijua nikimwona nitauliza.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Presha ya mama haikushuka kwa sababu alikuwa anameza nusu. Mimi nikaona haishuki, nikahangaika, nikapiga simu, dozi ikaongezwa, na nyongeza hiyo nayo ikakatwa kati kwa kisu. Kama ningekuwa binti wa kawaida wa kaunta, anayetoa pakiti na kupokea hela, yule mtoto angepata dawa nusu ya aliyoipata. Nimelipindua jambo hili kila upande na sijaona upande mwingine.

Siku ile sikumwambia kitu. Nilimpa pole, nikampa dawa zake, nikamwambia azimeze nzima na asigawe. Akasema sasa atagawa na nani. Alipoondoka nilifunga mlango wa choo cha nyuma nikalia huku nimeuma koti, kwa sababu mwenye duka alikuwa mbele anaongea na wakala.

Nilikwenda kwa daktari wa kituo cha afya. Nilidhani tutaumia wote wawili. Alinisikiliza amesimama, kisha akasema mimi ndiye niliyemwambia dozi haitoshi, na kwamba haya ndiyo matokeo ya muuza dawa kutaka kutibu. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hata yeye alikuwa na mgonjwa mbele yake na hakumuuliza swali hata moja. Tukaachana hivyo, na mpaka leo tukikutana njiani tunasalimiana kwa vichwa.

Baada ya hapo nikaalikwa semina kwenye hoteli moja ya ziwani. Mada ilikuwa nafasi ya mfamasia katika huduma ya mgonjwa. Mwezeshaji alikuwa mtu mzuri, mchangamfu, alituonyesha picha za wafamasia wa nchi za watu wamekaa na wagonjwa wao kwenye vyumba safi. Nilinyoosha mkono nikauliza mtu afanye nini pale ambapo jibu la swali lake limekatazwa kutamkwa. Akasema hilo ni swali zuri sana, akaandika ubaoni neno mila, akatuambia tujenge uaminifu. Nilikuwa nao huo uaminifu. Yule mama alinipenda. Nilikula sambusa zangu nikitazama ziwa, na nilichukia kila mtu aliyekuwa kwenye ukumbi ule, na nilijichukia kwa sababu hakuna aliyekuwa amenikosea.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuniacha nikae na huzuni yangu kwa starehe. Yule binti angeshika mimba tena. Alikuwa kijana, mume yupo, hana mtoto. Na presha ikimpanda tena atakata kati vidonge vya mama, kwa sababu hakuna aliyemwambia vilifanya nini. Nikisema, naua amani ya mama na mkwewe. Nisiposema, namuua wa nne. Kwa hiyo Jumapili moja baada ya ibada nilipanda kule kwenye mawe.

Binti alinipokea kwa kupiga goti, akaniletea maji na karanga, akaingia ndani. Alikuwa mwembamba, na maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake kifuani, na hakuna aliyekuwa akilitazama hilo isipokuwa mimi. Mama akanitoa nje, tukakaa kwenye jiwe tambarare anakoanika dagaa. Nilimwambia polepole, kwa Kiswahili cha kawaida, kama nilivyoeleza hapa. Nilimwambia hakujua. Nilimwambia hata waliosoma wanakosea hapo.

Hakulia. Aliokota dagaa wawili watatu walioanguka, akawarudisha juu ya jiwe.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikasema ni dawa.

"Huku hawasemi dawa, dokta. Wewe ni mgeni." Akanigeuzia uso. "Haya macho unayaona? Na watoto watatu wametoka kwenye nyumba hii, majirani wameshaanza kuyatazama. Ukiwaambia nilimpa kitu akameza, mtoto akafa, wataishia hapo hapo. Habari za figo hawatazisikia."

Nilijua anachosema. Kila anayeishi Usukuma anajua bibi mwenye macho mekundu husemwa ni mchawi, na wengine waliosemwa hivyo walimalizwa na watu wa nyumbani kwao. Ni moshi wa samaki, ningeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba ni moshi wa samaki. Aliniomba nisimwambie mkwe, wala mwanaye. Akaahidi kwamba vidonge vyake havitaguswa na mtu tena, atavifunga kwenye pindo la khanga alale navyo, na binti akishika mimba yeye mwenyewe atamsukuma kliniki mapema. Nikakubali. Nilishuka nikijiambia kwamba nimepata njia ya katikati.

Binti alikuja dukani baada ya mvua za vuli. Alikuja peke yake, kwa njia ya mbele, na sikumtambua mpaka alipopiga goti. Aliweka pakiti tupu ya losartani juu ya kaunta. Aliiokota jalalani, alisema, na anataka yake mwenyewe. Nikamwingiza nyuma ya pazia. Gauni lilikuwa pana lakini tayari nilikuwa najua pa kutazama.

Nikamuuliza kwa nini anataka yake.

"Mama siku hizi ananinyima," akasema kwa sauti ya chini. "Safari ile alinipa, na mtoto akafika. Wale wawili hawakufika, yule alifika, nilimsikia akilia. Sasa kichwa kimeanza tena, nimemwomba, anavificha hata kwenye nguo. Hataki nizae, dada. Majirani waliniambia nifumbue macho, nikawa nakataa."

Nilikaa mimi kwenye kile kiti, nikamwacha yeye amesimama. Nilimwona mama amelala na vidonge kwenye pindo la khanga, akitimiza ahadi yake, na kila usiku aliotimiza ulikuwa unahesabiwa dhidi yake chumba cha pili. Kama ningemwambia binti dawa zimeisha, angevuka barabara, na ng'ambo ya barabara wangempa bila kumuuliza hata jina. Hilo nililijua vizuri kuliko kitu chochote.

Nikamwambia. Nilimweleza yote, maji, figo, nusu kidonge. Nilimwambia mama hakujua alipompa, na alipojua ndipo alipomnyima, na aliyemkataza ni mimi. Nilirudia hapo mara nyingi kwamba ni mimi. Alisikiliza akiwa ameshika tumbo kwa chini kwa mikono yote miwili.

"Alijua lini?" akauliza.

Nikamwambia ni muda mfupi baada ya msiba.

"Na tumekuwa tunakula sahani moja," akasema.

Nilifunga duka mchana kweupe nikampeleka kliniki mwenyewe. Tulikaa kwenye benchi pamoja na nusu ya Mabatini. Nilihakikisha amepewa dawa inayofaa, nikaitazama, nikaigeuza, nikaisoma, mpaka nesi akaniuliza kama nina shida. Mwenye duka alinikuta nikirudi akanitukana mbele ya wateja, na kwa mara ya kwanza sikumjibu.

Binti alimpigia mumewe simu akamwambia yote, naye akarudi kabla ya mwisho wa wiki. Hakumpiga mtu. Alikodi guta, akapakia godoro la mama yake, karai lake la kukaangia na begi moja, akampeleka kwa mjomba, upande wa Sengerema, ng'ambo ya Kigongo. Majirani walisema ameondoka salama, walisema hivyo kama watu waliofanya wema. Wengine walinishukuru. Mama mmoja alinishika mkono kwenye kaunta akasema, dokta, umetusaidia kumjua. Nilimwambia mama yule ni mtu mwema na kwamba mwenye kosa ni dawa, nikaeleza, nikapandisha sauti, na nilipomaliza alitikisa kichwa kwa huruma akasema kweli watu hao wana nguvu, hata wasomi wanawatetea.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, akamlowesha nesi aliyempokea. Binti alimleta dukani nimwone. Alikuwa amenenepa, anacheka, alinishukuru mpaka nikaona aibu. Nilimshika yule mtoto mzito wa moto nikafurahi kweli, siwezi kusema sikufurahi. Kisha nikauliza kama bibi yake ameambiwa. Akajibu kwamba bibi yuko Magu, atakuja kumwona wiki ijayo. Alimaanisha mama yake mzazi. Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akaniuliza kama nina poda ya watoto.

Daraja limekwisha kufunguliwa sasa. Mahali tulipokuwa tukisubiri kivuko mpaka jua litupikie vichwa, gari linapita kabla hujamaliza kutazama maji. Nilivuka Jumamosi moja na mashine ya presha kwenye mkoba, pamoja na pakiti za kutosha za losartani na dawa nyingine ya kuongezea. Nilimkuta mama uani kwa kaka yake, anamenya mihogo. Mabega yalikuwa yamemwisha. Macho yake yalikuwa meupe, kwa maana siku hizi hakaangi samaki, na kitu hicho kilinipa hasira kuliko vyote.

Aliniitikia mwangaluka yangu bila kucheka. Alinipa mkono nipime, nadhani kwa adabu tu. Nilichokiona kwenye mashine sikumwambia. Nikatoa dawa, nikaziweka juu ya ungo karibu naye, naye akazisogeza nyuma kwa mgongo wa kisu. Akasema hashiki tena vidonge. Nikambembeleza. Halafu nikakasirika, nikamfokea mtu mzima aliye sawa na mama yangu, nikamwambia atapooza, atakufa, atamwachia kaka yake mzigo. Aliniacha nimalize yote. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, ni wa kike au wa kiume.

Nikasema ni wa kike. Akauliza kama ananyonya vizuri. Nikasema ananyonya, ni mzito, ana nywele nyingi. Akaendelea na muhogo wake mpaka ukawa mweupe wote, akachukua mwingine. Dawa nikazirudisha kwenye mkoba.

Alinisindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa kumfanyia mgeni, akitembea polepole na kusimama mara kwa mara kupumua. Gari lilipopunguza mwendo alinishika mkono wa koti.

"Dokta," akasema, "usije ukawaambia kwamba nimemuulizia mtoto. Wataogopa."

Nikamwambia sitawaambia.